Kosa la Kuelewa

Nchi yetu ina jina zuri sana, lakini sitaliandika hapa, kwa kuwa sheria inakataza kulitaja mtu akiwa amekaa, nami naandika nimekaa. Inatosha kusema kwamba ni nchi ya amani, yenye milima miwili, mto mmoja na wizara arobaini na saba.

Mimi naitwa Chiponda, na kwa miaka kumi na mmoja nilikuwa karani katika Idara ya Wasiokuwepo. Msomaji wa nchi nyingine huenda hajui idara hiyo ilikuwa ya nini, basi nimweleze. Bunge letu tukufu lilipitisha sheria iliyotamka kwamba nchini kwetu hakuna mwanamume anayependana na mwanamume mwenzake, wala mwanamke anayependana na mwanamke mwenzake, kwamba watu wa namna hiyo hawajawahi kuwepo, na kwamba wakionekana wakamatwe. Idara iliundwa kuhakikisha kuwa hawapo. Tulikuwa watumishi mia tatu na kumi. Kila mwisho wa mwaka tulipeleka Bungeni taarifa ya kurasa mia nne iliyosema hawapo, wabunge wakapiga makofi na kutuongezea magari.

Mkuu wetu alikuwa Mheshimiwa Kapufi Lyandala, mtu mnene wa sauti na mwembamba wa subira. Alikuwa na shahada saba za heshima, na tano kati ya hizo alijitunuku mwenyewe, kwa sababu, alisema, hakuna aliyemfahamu mtunukiwa kuliko yeye. Hakupenda kulitaja kwa jina jambo lililompa ofisi, zulia na dereva. Aliliita "jambo lile." Ukimsikiliza akihutubia ungedhani anamzungumzia jirani aliyemwibia kuku.

Siku moja tukapokea barua isiyo na jina la mwandishi. Mwandishi alikuwa raia mwema, kama walivyo wote wasioandika majina yao. Alitufahamisha kwamba katika mtaa wa Magombani kikundi cha wakazi, kikiongozwa na mkunga mstaafu aitwaye Bi Sikitu, kimeandaa mchezo wa kuigiza uitwao *Binamu*. Ungeoneshwa Jumamosi saa tisa alasiri katika ghala la zamani la pamba. Ulihusu wanaume wawili waliokaa nyumba moja miaka mingi wakiwaambia majirani kwamba wao ni mabinamu, kumbe sivyo.

Mheshimiwa akaitisha kikao. Alitaka mchezo upigwe marufuku kabla ya chakula cha mchana. Mwanasheria wa idara, Bwana Ng'ondya, alijikuna shingo, akaeleza kwa heshima zote kwamba haiwezekani. Serikali ikizuia mchezo unaohusu watu wasiokuwepo, itakuwa imekiri kwamba wapo. Huwezi kumkataza zimwi kuingia mjini, alisema, bila kuwaambia watu kwamba kuna zimwi. Walibishana mpaka chai ikapoa. Hatimaye ikaamuliwa twende wenyewe, tukae mstari wa mbele, tusubiri jambo lile litendeke jukwaani mbele ya macho yetu, ndipo tukamate.

Tulikwenda kumi na wawili. Bi Sikitu alitupokea mlangoni. Alikuwa mwanamke mfupi wa miaka sabini na ushee, na mikono yake ilikuwa imewapokea nusu ya watu wa mji ule walipokuwa wanazaliwa. Alimtazama Mheshimiwa kuanzia kofia hadi viatu.

"Karibu, baba," akasema. "Wewe nilikutoa mimi. Ulitanguliza miguu."

Mheshimiwa aliniagiza nisiliandike hilo. Nilikuwa nimeshaliandika.

Kabla ya mchezo kuanza, Mheshimiwa aliomba kusema maneno mawili, akasema kwa saa moja na robo. Ghala lilikuwa na joto la kukausha samaki, watoto wachanga wakalia wakanyamaza wakalia tena. Katika hotuba hiyo nilinukuu sehemu hii, ambayo baadaye ilichapishwa kwenye kalenda ya idara: "Ndugu wananchi, jambo lile halipo. Halikuwepo na halitakuwepo. Tunapambana nalo kwa nguvu zetu zote, na mwaka jana pekee tumelitokomeza mara nne." Watu walipiga makofi, kwa kuwa askari waliokuja nasi walikuwa wamesimama wakihesabu mikono isiyopiga.

Kisha mchezo ukaanza, nasi tukakaa mkao wa kukamata.

Wanaume wawili walikuwa jukwaani, mmoja mwashi, mwingine fundi cherehani. Mwashi aliigizwa na muuza mkaa wa sokoni. Walikuwa na meza, taa na kitanda. Wakala ugali na samaki. Fundi cherehani alikuwa na macho mabovu, basi mwashi alimtolea miiba, akamwekea minofu upande wake wa sahani bila kusema kitu, huku wakigombana kuhusu paa linalovuja. Mheshimiwa alimwinamia Bwana Ng'ondya.

"Tayari?"

"Bado, Mheshimiwa. Anatoa miiba."

Baada ya muda akauliza tena.

"Bado anatoa miiba, Mheshimiwa. Ni samaki mwenye miiba mingi."

Wageni walipobisha hodi, wale wawili waliruka, wakavuta kitanda cha pili kutoka nyuma ya pazia, wakakitandika upesi na kulivuruga shuka ili kionekane kimelaliwa. "Huyu ni binamu yangu," fundi akawaambia wageni, na wageni wakacheka, wakasema mnafanana. Miaka ikapita kwa kubadilisha kanzu na kujipaka unga kichwani. Kitanda cha pili kilivutwa na kurudishwa mara sita. Mwishowe fundi akaugua, akafa, na mwashi akamfumba macho.

Hapo wakaingia ndugu wa marehemu kutoka bara, watu ambao hawakuwa wamefika miaka ishirini. Dada wa marehemu aliigizwa na Mama Chausiku, muuza mihogo. Wakabeba cherehani, wakabeba kitanda, wakabeba hata sufuria yenye ugali. Kisha wakaketi kwenye mkeka wa wafiwa, na dada akamuuliza mwashi yeye ni nani. Akajibu ni binamu. Dada akasema mabinamu ndio sisi, wewe hatukujui, chukua ndoo ukawasaidie wanaochota maji. Mwashi akaichukua ndoo, akatoka. Mchezo ukaisha.

Nikageuka kuhesabu watazamaji, kama ilivyo kazi ya karani, nikamwona Mzee Mbaruku katika mstari wa tatu. Kila mtu mjini alimjua. Alikuwa fundi saa mwenye kibanda karibu na posta, mpole, nadhifu, hajawahi kuharibu saa ya mtu. Alikuwa amevua kofia, ameziba uso nayo, na mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Mheshimiwa alisimama, akatangaza kwamba jambo lile limetendeka wazi na kwamba kikundi chote kiko chini ya ulinzi. Bwana Ng'ondya akamnong'oneza kwamba kwanza lazima ijazwe Fomu Namba Tisa. Fomu hiyo tuliitunga sisi wenyewe, tukajivunia sana. Ilimtaka shahidi aandike alichokiona, alitambuaje kwamba ni jambo lile, na kujifunza kulitambua alijifunzia wapi.

Fomu ikaanza kuzunguka. Ikabainika kwamba Bwana Ng'ondya aliingiwa na mdudu jichoni tangu mwanzo. Mkuu wa Upelelezi alikuwa anasali. Afisa Maadili alidhani wale kweli ni mabinamu, na alikuwa tayari kula kiapo. Mheshimiwa mwenyewe alipofikiwa na kalamu alisema yeye ameona wanaume wawili na samaki, basi, na asilishwe maneno. Ikaja kwangu. Nikasema nilikuwa nimeinamia karatasi. Kwa kweli nilikuwa nimeelewa tangu mwiba wa kwanza, lakini nilikuwa na mke, watoto watatu na nyumba ya serikali.

Maafisa kumi na wawili wa idara iliyoundwa kulitambua jambo lile hawakuweza kulitambua. Ndipo Mheshimiwa alipomwona Mzee Mbaruku, bado ameziba uso.

Akili yake ilipotaka kufanya kazi, ilifanya. Alisema kwamba mtu akilia ni kwa sababu ameelewa, na hakuna awezaye kuelewa kisichokuwepo isipokuwa yeye mwenyewe anacho. Mzee Mbaruku akakamatwa pale pale kwa kosa la kuelewa. Kosa hilo liliingizwa kwenye sheria Jumatatu iliyofuata, na ili mshtakiwa asionewe, likarudishwa nyuma hadi Ijumaa.

Mzee hakubisha. Aliomba jambo moja tu, apitie kibandani amrudishie mteja saa yake, maana alimwahidi siku ile. Wakamkatalia. Bi Sikitu aliokota kofia iliyoanguka, akaipangusa vumbi, akamvalisha.

Mzee Mbaruku alikaa mahabusu siku kumi na tisa. Kesi ilisikilizwa mbele ya hakimu mwanamke aitwaye Tegemea, mwenye miwani minene na sifa ya kutopenda kupotezewa muda. Bwana Ng'ondya aliongoza mashtaka. Kielelezo cha kwanza kilikuwa kofia, iliyoletwa kwenye sinia. Mimi nilisoma kumbukumbu zangu, kwamba mshtakiwa alitoa machozi ya wastani, macho yote mawili.

Kisha wakaja mashahidi wa utetezi, na hapo Magombani walionesha kipaji kuliko siku ya mchezo. Mama Chausiku aliapa kwamba macho ya mzee yanachuruzika kwa kuchungulia saa miaka arobaini. Jirani mwingine aliapa kwamba siku ile kulikuwa na mtu anakaanga pilipili nyuma ya ghala. Mwalimu mkuu wa shule ya msingi aliapa kwamba mzee ni mgumu sana wa kuelewa mambo na kwamba hata mchezo wa bao humshinda. Hakimu aliandika yote. Ilikuwa dhahiri kwamba anakaribia kumwachia huru, na Mheshimiwa Lyandala, aliyekaa mbele na msafara wake, alikuwa ameanza kupumua kwa mdomo.

Ndipo Mzee Mbaruku alipoomba kusema. Wakili wake akamshika mkono wa shati. Mzee akautoa mkono ule taratibu, kama anavyotoa mshale wa saa.

"Macho yangu mazima, mama hakimu," akasema. "Saa naifungua gizani. Nililia kwa sababu nilikuwa na mtu. Aliitwa Ngwali, alichonga milango. Tulikaa miaka ishirini na sita. Alipokufa, ndugu zake walikaa kwenye mkeka. Mimi nilipewa ndoo."

Nilimtazama Bi Sikitu, nikamwona ameinamisha kichwa, nikajua mchezo wake aliutoa wapi. Baadaye alinieleza mwenyewe kwamba alikuwepo kwenye msiba ule, amekaa mkekani na wanawake, akamwona fundi saa akipita na ndoo mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tisa, na yeye, aliyeujua ukweli, akanyamaza. Miaka saba ile picha haikumwacha alale vizuri.

Hakimu Tegemea alivua miwani. Msomaji aone alivyobanwa. Sheria ilimtaka aandike katika hukumu ni kitu gani mshtakiwa amekielewa. Na ili aandike, lazima awe amekielewa yeye, mahakamani, mbele ya karani na askari. Alifikiri kidogo, akavaa miwani, akasema mahakama imesikia habari za ndoo na haikuelewa. Akamuuliza mwendesha mashtaka kama yeye ameelewa. Bwana Ng'ondya akajibu haraka kwamba hata kidogo. Akamgeukia Mheshimiwa Lyandala, akamuuliza kwa upole kama labda yeye, kwa uzoefu wake wa miaka mingi na jambo lile, ameelewa.

Mheshimiwa alisimama. Alikuwa ameelewa vizuri mno, uso wake ulikuwa umevimba kwa kuelewa. Akasema hapana.

Mshtakiwa akaachiwa. Haki ilitendeka kwa njia ile ile ambayo mambo mengi hutendeka nchini kwetu, yaani kwa woga.

Usidhani watu walimbeba mabegani. Wateja wake wengi waligundua kwamba saa zao zinakwenda vizuri tu. Wengine walivuka barabara walipomwona. Mama Chausiku alimfuata kibandani akamgombeza, kwamba yeye amekula kiapo cha uongo, ameihatarisha roho yake mbele ya Mungu, halafu mzee anasimama na kuharibu yote kwa kusema kweli. Mzee alimwomba radhi, akamtengenezea saa ya ukutani bure. Mama Chausiku akaipokea, na akaendelea kununa wiki mbili.

Huku ofisini, Mheshimiwa hakulala. Ikiwa mchezo hauzuiliki, alisema, basi usafishwe. Aliagiza ubaki vilevile, neno kwa neno, ila mwashi awe mume na fundi cherehani awe mke. Wake wote wa Magombani waliamriwa kuhudhuria ili wajifunze ndoa ya kizalendo. Tukajaa tena ghalani.

Mume akatokea jukwaani, akakaa mezani, akaanza kumtolea mke wake miiba ya samaki. Mwanamke mmoja nyuma akacheka. Akafuata wa pili. Mume alipompigia mke pasi gauni lake, ghala zima la wanawake lilikuwa limeshika mbavu. Mheshimiwa alitaka kujua kinachochekesha ni nini. Bi Sikitu akamjibu kwamba wanasema mchezo huu ni wa uongo, mume wa namna hiyo hawajawahi kumwona.

Ingeishia kwenye kicheko, isingekuwa taabu. Lakini kicheko kikakatika. Mmoja mmoja, wanawake wakaanza kuwageukia waume zao, wakawatazama kwa muda mrefu.

Wiki ile wanaume wa Magombani waliwekewa samaki mzima mezani, wakaambiwa nawe mtolee mwenzio. Waliokataa walilala njaa. Siku ya nane waliandamana hadi kwenye idara, na hayo yalikuwa maandamano ya kwanza kuruhusiwa nchini kwa miaka kumi na nne. Walidai serikali iache kuvunja nyumba za watu. Mheshimiwa alilazimika kuupiga marufuku mchezo wake mwenyewe kwa kosa la kuchochea wake za watu. Kwa kazi hiyo nzuri ya kuzuia mchezo hatari alipandishwa cheo, akawa Naibu Waziri wa Utulivu.

Basi mchezo wa serikali ukawa ndio pekee uliokatazwa. Ule wa kwanza ulibaki unahusu watu wasiokuwepo, na Bi Sikitu akatangaza kwamba utaoneshwa tena Jumamosi, saa tisa alasiri. Mheshimiwa Naibu Waziri, kabla hajahamisha zulia lake, alinituma niende peke yangu, nikazitazame nyuso na nimletee orodha ya wote walioelewa.

Nilikaa pembeni na daftari langu. Ghala lilijaa kuliko mara zote. Watu walikuwa wamejizoeza kuweka nyuso kavu, ungedhani wanasubiri kung'olewa meno. Saa tisa ikapita. Bi Sikitu akatoka mbele ya pazia, akasema muuza mkaa hatakuja, wakwe zake wamemtishia kumrudisha binti yao nyumbani. Mwashi hayupo, kwa hiyo hakuna mchezo, anaomba radhi.

Mzee Mbaruku akainuka. Alivua koti, akalikunja, akaliacha kwenye kiti, akapanda jukwaani kwa uangalifu kwa sababu ya magoti. Alikaa mezani, akavuta sahani ya samaki mbele yake, akaanza kutoa miiba.

Sijui kama aliigiza. Alikosea maneno mengi. Mahali pa kugombania paa alimwambia yule mwigizaji mwenzake habari za mlango uliokwama na randa iliyopotea, na mwenzake akabaki anatikisa kichwa. Kitanda cha pili alikivuta upesi sana, kwa mkono mmoja, bila kutazama. Nilikuwa nimeandika majina kumi na manne kwenye orodha wakati huo. Nyuso kavu zilikuwa zimewashinda watu.

Fundi cherehani akafa. Ndugu wakaingia, wakabeba walichobeba, wakaketi mkekani. Mama Chausiku akamuuliza mwashi yeye ni nani.

Mzee Mbaruku alitakiwa kusema ni binamu. Hakusema. Alisimama tu mbele yao, mikono inaning'inia. Mama Chausiku aliishika ndoo, tayari kumpa, na maneno yake alikuwa anayajua, nilishamsikia akiyasema kwa ukali wa kutisha. Aliishika ndoo ile muda mrefu hata Bi Sikitu akachungulia kutoka nyuma ya pazia. Kisha akaiweka chini. Akajisogeza mkekani, akapapasa nafasi iliyobaki kando yake.

"Kaa hapa, shemeji," akasema.

Mzee akakaa. Mama Chausiku akamfunika mabega kwa kanga yake, wakabaki hivyo.

Mchezo haukuendelea. Mzee mmoja wa mstari wa mbele, mtu niliyemwona kwa macho yangu akivuka barabara kumkwepa, aliinuka, akapanda jukwaani, akampa mkono na kumwambia pole. Akafuata mwalimu mkuu. Wakafuata wanawake, wamevua viatu. Ikawa foleni, imetoka jukwaani ikapita katikati ya ghala mpaka mlangoni, na waliokuwa nje wakaingia kwa kudhani kuna msiba. Hawakukosea.

Mimi nilikuwa karani wa serikali. Niliinuka kwa sababu watu wote walikuwa wameinuka na mtu aliyekaa peke yake huonekana. Nilijiunga na foleni kwa sababu ndiyo iliyokuwa inaelekea mbele. Daftari nililiacha pale kwenye kiti, na sijui aliyelichukua. Nilipofika mkekani nilipiga magoti, nikampa mkono mzee, nikamwambia pole.

"Nimeshapoa, mwanangu," akasema, akanisogezea nafasi.